Sauti ya Thelma Kutoka Jikoni

Clifford Hainsworth alirudishwa nyumbani kutoka hospitalini asubuhi. Mkewe Thelma alikuwa amekwisha kupelekwa chumba cha upasuaji, moyo wake ukafunguliwe na vali iliyolegea ibadilishwe. Clifford alizunguka ukumbini mpaka nesi akamsimamisha.

"Baba, kwa kutembea huku utatutobolea sakafu. Nenda kwako, tutakupigia simu."

Basi akarudi kwake Otley, mji mdogo wa Uingereza, akakuta nyumba imenyamaza. Hakuizoea hivyo. Miaka yote ya ndoa yao redio ya Thelma ilikaa juu ya friji ikiongea tangu alfajiri. Kilikuwa kituo cha taifa cha mazungumzo: habari, hoja, mahojiano, michezo ya kuigiza, na muziki kwa nadra. Clifford, fundi wa kuezeka mapaa aliyestaafu, alikiita bunge la jikoni.

"Hawa watu hawachoki?" angeuliza akivua buti.

Na Thelma angejibu bila kugeuka: "Wakinyamaza wao nitabaki na wewe, na wewe huongei."

Siku hiyo aliiwasha mwenyewe. Hakuiwasha kwa mapenzi, ila kwa kukikimbia kimya.

Waziri alikuwa akiulizwa swali moja, yeye akijibu jingine. Clifford akamtukana, kisha akaosha kikombe kilichokuwa safi. Wakaja maprofesa wakigombania biashara ya chumvi ya enzi za kale; akapanda ghorofani akatandika kitanda, akakivuruga, akakitandika upya. Aliposhuka, wanawake walikuwa wakielezana mambo ya kukoma hedhi pasipo haya yoyote, naye akatoka nje mbio kama mtu aliyekosea mlango wa choo. Lakini simu ilikuwa ndani, ukutani pale kwenye ujia. Akarudi.

Adhuhuri ikasomwa hali ya bahari: upepo mkali wa kusini-magharibi, mawimbi makubwa, mvua baadaye. Otley haina bahari, lakini alisimama akasikiliza mpaka mwisho, utadhani ana ndugu huko majini. Simu haikulia. Akainyanyua kuhakikisha kama ni nzima. Ikampa mlio wake. Mara wazo likamchoma: na kama wanapiga sasa hivi? Akaibwaga kama kaa la moto.

Mchana ukaja mchezo wa kuigiza. Daktari akaingia chumbani akamwambia mtu, "Pole, kaa kwanza." Clifford akaizima redio. Kimya kikamrukia. Hakupita muda akaiwasha tena, na alipoiwasha mchezo ulikuwa umekwisha, wamekuja wataalamu wa bustani, wale wanaozunguka kwenye kumbi za vijijini watu wakiwauliza habari za kuvu na konokono. Hilo halikumhusu. Akaenda zake kwenye ujia kuikodolea macho simu.

"Swali linalofuata, tafadhali," alisema mtangazaji.

"Naitwa Thelma Hainsworth," ilijibu sauti ya mkewe.

Clifford aligonga goti mlangoni akikimbilia jikoni. Jikoni hapakuwa na mtu. Redio tu, juu ya friji.

"Tuna mti wa tufaha mbele ya dirisha la jikoni," Thelma alisema. "Umetanda hata mchana nawasha taa. Mume wangu ameezeka nusu ya mapaa ya mji huu, lakini kupanda mti wa mlangoni kwake ni kesho, kesho kutwa, mtondo." Ukumbi mzima ukacheka. Naye akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa. Kisha akasema polepole, "Nataka kujua tu ukatwe vipi. Nisipokuwepo hakuna atakayemkumbusha. Atakaa gizani, namjua."

Mtaalamu akashauri wasubiri majani yapukutike, majira ya baridi yashike, ndipo wapunguze matawi kidogokidogo. Clifford hakusikia vizuri. Neno moja lilikuwa limemnasa masikioni: nisipokuwepo. Kumbe kipindi kilirekodiwa wiki kadhaa nyuma, na jioni ile Thelma alipotoka na jirani yao Nesta, akisema wanakwenda ukumbini kunywa chai, alikuwa amekwenda kumpangia mumewe maisha ya ugane, mbele ya ukumbi wa watu!

Alichomoa msumeno bandani, akaegemeza ngazi, akapanda. Majani yalikuwa bado ya kijani, matufaha yakidondoka puupuu. Akakata tawi, akakata jingine, jasho likimtoka, msumeno ukimparuza vidole.

"Clifford!" Nesta alikuwa ameshika uzio. "Una wazimu wewe? Kwa umri huo?"

"Ulijua!" alifoka kutoka juu. "Ulikuwepo alipoyasema yale!"

"Nilikuwepo. Na aliniapisha nisikwambie. Shuka!"

Simu ikalia.

Clifford akatupa mguu kutafuta ngazi asiipate, akaning'inia kwa mikono. Nesta aliruka uzio, sketi na yote, akamwekea ngazi sawa, kisha akatimka ndani. Clifford aliteremka huku akimsikia anasema, "Hapana, mimi jirani tu... Ndiyo, anakuja, yuko... yuko bustanini."

Alipokea simu kwa mkono uliojaa maganda ya mti. Nesi alimwambia vali imeingia vizuri. Kulikuwa na damu iliyokataa kukoma, ndiyo maana walichelewa, lakini imekoma. Amelala. Aje jioni.

"Sema tena," Clifford alisema. Nesi akarudia. Ndipo akakaa chini palepale.

Jioni alimkuta Thelma ana rangi ya majivu, mipira imemwingia kila mahali, macho nusu wazi.

"Nimekusikia redioni," alisema hata kabla ya salamu. "Nani kakutuma ujizike mapema, uniache na giza langu?"

"Nilikuwa naogopa, Cliff," Thelma alinong'ona. "Na wewe hukutaka tuzungumze."

Kweli, kila Thelma alipoanza habari za upasuaji, Clifford alikuwa akienda bandani kutafuta kitu.

"Basi zungumza," alisema hatimaye, akivuta kiti. "Kama unaweza."

"Anza wewe."

Akaanza. Vibaya, kwa kurukaruka, mara chumvi, mara mawimbi, mara Nesta na sketi yake juu ya uzio, mpaka Thelma akamwomba asimchekeshe maana kifua kinauma. Nesi alipokuja kumtoa, Clifford alisema bado hajamaliza.