Mke Wangu Ndani ya Gereza la Nosy Be

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitano na akili bado za kitoto. Hee, usicheke. Kesho unampeleka mkeo kisiwani Nosy Be kutembea, na umeniambia mtalitazama gereza la zamani. Basi kaa nikueleze nilichokifanya mlemle.

Nilikuwa nimemuoa Zaliya hapa hapa Madagaska, mjini Mahajanga, nikahamia kwake, kama ilivyo desturi yetu sisi Wangazija: nyumba ni ya mke. Uhuru ulikuwa bado mpya. Yale majumba ya serikali tuliyokuwa tukiyapita vichwa chini, sasa watu waliingia kuyatazama, wakapapasa milango, wakacheka kwa sauti. Tulipofika Nosy Be kwa meli, Zaliya alitaka kuona yote. Akavaa leso mpya, akapaka liwa ya msandali usoni, akachora maua mashavuni. Mimi nikaanza kununa hapo hapo. Maua hayo anamchorea nani? Kila mwanamume aliyetusalimu njiani nilimpima kwa macho, toka kofia mpaka viatu.

Tukaona nyumba aliyokuwa akikaa mkubwa wa Kifaransa, tukaona ofisi, kisha tukaenda gerezani. Upande wa zamani haukuwa na wafungwa tena, na mlinzi mmoja aliyeitwa Tombo, kijana mrefu, mzuri wa sura (ndiyo, nilimwona!), alikuwa akiwazungusha wageni. Akamuuliza Zaliya kwa Kimalagasi mama yake ni wa ukoo gani. Zaliya akamtajia, maana mama yake ni wa kabila la Wasakalava, wenyeji wa pwani hii.

Lo! Tombo akapiga makofi. "Kumbe ni mke wangu huyu! Umemwiba wapi, wewe?" Akamnyang'anya kikapu, akatoa ndizi zetu akala. Halafu akamsukuma ndani ya chumba cha wafungwa, akafunga mlango wa nondo za chuma. "Simtoi mpaka uniletee jogoo!"

Na Zaliya, mke niliyemuoa miezi mitatu tu iliyopita, alikuwa anacheka humo ndani mpaka machozi yanamfuta maua. "Mwache aende zake," akasema. "Mimi nakaa na mume wangu!"

Wivu ukanipanda. Nikamwambia, "Basi kaa naye." Nikatoka. Nilisikia kicheko chake kinakatika, nikasikia ananiita kwa jina langu, mara mbili. Sikugeuka. Nikapanda meli siku ile ile, nikamwacha ugenini.

Mahajanga nilimkuta mama mkwe mlangoni. "Mkeo yuko wapi?" Nikamweleza yote, nikitaka anionee huruma. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni ziva wake, mjinga wewe," akasema.

Ndipo nilipojua. Kwa Wasakalava kuna koo zilizo ziva, yaani watani. Ziva wako atakutukana, atakula chakula chako, atamwita mkeo mke wake, na hakuna kukasirika. Lakini ukipata shida ugenini, kwake ni kwako, na ukifa, yeye ndiye wa kwanza kuja kukuchimbia kaburi.

"Hii ni nyumba ya mwanangu," mama mkwe akaongeza. "Rudi naye, au usirudi kabisa."

Nilirudi Nosy Be nimenywea. Nilimkuta Zaliya uani kwa mama yake Tombo, anachambua mchele. Akainuka, akachukua kikapu chake, tukaondoka. Hakunigombeza hata kidogo. Mimi nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha, mwanangu. Tuliishi pamoja miaka arobaini na moja, tukasafiri pande nyingi, na kila penye jumba la kutazama alikaa nje. "Ingia wewe. Mimi nakungoja hapa." Liwa aliendelea kupaka, ila maua hakuchora tena. Nami nikiingia peke yangu nilikuwa naona kuta tu.

Alipofariki, Tombo alikuja kutoka Nosy Be, mzee wa fimbo. Alishika jembe kabla ya wanangu wa kuzaa. "Nimekuja kumchukua mke wangu," akaniambia mbele ya watu wote, "na jogoo wangu sijamwona mpaka leo." Nikacheka. Nikacheka huku nalia, kwa sababu ningecheka hivyo siku ile, mlango ungefunguliwa, tukaenda zetu kula.

Basi sikia. Mkeo akicheka na mtu, uliza kwanza wanacheka nini. Wivu ukikupanda, kaa pale pale ulipo, meza mate, ungoje uelezwe. Usimpe mtu kisogo naye anakuita. Na akitaka kuchora maua, mshikie kioo.

Nendeni, wanangu. Mola awafikishe, awape watoto wa kuwatuliza macho, na awarudishe kwangu wawili, mkiwa bado mnacheka.