Siku mtangazaji wa hoki alipotutibulia wali Guangzhou

Wakuu, salaam kwenu, mlio nyumbani na mlio majuu.

Hii sikuhadithiwa, nilikuwepo mezani. Asiyeamini aamini nusu, na hiyo nusu nayo ni kweli.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Shule nilishaiacha zamani, kidato cha pili. Kiingereza nilikiokota melini na kwenye redio. Asubuhi moja niliamka Hong Kong, nikatazama dari, nikaona mji nimeuchoka. Visa ya China ilikuwa kwenye paspoti. Nikabeba begi, nikapanda treni ya Guangzhou.

Msiniulize nilikuwa nafuata nini. Nilitaka tu kujua kukoje.

Nilichokuta cha kwanza ni neno "mei you". Hakuna. Kila gesti niliyoingia, mhudumu ananitazama usoni, anapunga mkono: mei you. Baadaye nikaelezwa kwamba gesti nyingi za bei nafuu hazikuruhusiwa kulaza mgeni wa nje. Vyumba vilikuwepo, ila si vyangu.

Jua linashuka, begi liko begani. Nikaona mgahawa wenye kibao cha kijani, wa Waislamu wa Kichina. Nikasema hapa sikosi mtu wa pwani.

Sikukosea. Meza ya pembeni walikuwa vijana wawili wa Unguja, mzee mmoja wa Lubumbashi waliyemwita Papa Kalombo, na Mama Zuhura, mwenye duka la vitambaa Kariakoo. Nikatoa salamu, nikaeleza shida yangu.

"Kaa ule kwanza," akasema Mama Zuhura. "Mtu hasemi mambo ya kulala na tumbo tupu."

Wale vijana wakaninong'oneza kwamba hoteli aliyofikia Mama inapokea wageni, na mwenye hoteli humpa chumba yeyote ambaye Mama amemdhamini. Akikukataa, imekula kwako. Kwa hiyo wakuu, usingizi wangu ulikuwa mkononi mwa yule mama.

Juu ya kaunta palikuwa na TV, chaneli ya Kiingereza ya Hong Kong. Mpira wa magongo, hoki ya wanawake: timu moja ya Afrika na China. Mama Zuhura alikuwa amepiga marufuku mtu kugusa rimoti. Ujanani alicheza hoki Dar, na kila gongo likipigwa bega lake lilicheza pamoja nalo.

Timu yetu ikafungwa bao la tatu. Mtangazaji akasema kitu, akacheka na mwenzake.

"Anasema nini huyo?" Mama akauliza. Kiingereza chake kilikuwa cha bei na rangi za vitambaa tu. "Mbona anacheka?"

Macho yote kwangu. Nikamwambia kama kilivyosemwa: "Anasema wasichana hawa miguu wanayo, ila hoki inataka akili. Anasema wangebaki kwenye riadha."

Kijiko chake kikasimama njiani.

Papa Kalombo akajaribu kupoza: "Mais Mama, bao tatu ni bao tatu, non?"

"Bao nimeziona, sina upofu. Nani kamuuliza akili?" Akageukia kaunta. "Laoban! Sauti!" Akashusha kiganja chini. Laoban, yaani bosi mwenye mgahawa, akazima sauti.

Basi Mama akaanza kutangaza mwenyewe, kwa Kiswahili. Wakuu, sijawahi kusikia utangazaji kama ule. Kila mchezaji wetu akampa jina la mtaa: huyu wa Ilala, yule wa Magomeni, golikipa wa Temeke ambaye kwake hapiti mtu bila nauli. Refa alikoma. Mgahawa mzima ukageuza viti, hata Wachina ambao hawakuambulia neno.

Akanogewa. Wachezaji wa China wakajikusanya mbele ya goli, Mama akasema: "Hawa nao wote sura moja! Refa atajuaje kadi ampe nani?"

Tulicheka hadi wali ukaruka. Laoban naye akacheka kwa kutuona tunavyocheka. Akaniinamia, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kama changu: "What she say?"

Kicheko kikafa, kuanzia kwangu.

"Mama, anauliza umesema nini. Nimwambie?"

Kijana mmoja akanikanyaga mguu chini ya meza. "Petit, mdogo wangu, sema ni bonjour tu," akanong'ona Papa Kalombo.

Mama Zuhura alimtazama laoban. Kisha akasema taratibu, "Mwambie. Kama ulivyoniambia mimi."

Nikamwambia. Tabasamu lake likashuka. Akatutazama mmoja mmoja, akanyoosha kidole kwa Papa Kalombo, halafu kwa Mama.

"Me also," akasema. "Long time, I think he your husband."

Nikatafsiri: kwamba naye hatutofautishi, siku zote alidhani Papa Kalombo ni mumewe.

"Huyu?! Astaghfirullah!" Mama akashika kichwa. Papa Kalombo akapaliwa na chai. Tulicheka tena, ila si kama mwanzo. Laoban alileta birika jipya, akaliweka mezani. Mama aliliona hilo. Aliinuka, akakusanya sahani zetu zote, akazipeleka mwenyewe kwa laoban jikoni. Walisemezana nini huko sijui, maana hawakuniita.

Aliporudi alichukua mkoba wake. "Beba begi lako. Mkalimani wangu pale soko la vitambaa la Zhongda, kila neno kwake ni 'good price'. Hata nikitukanwa, 'good price'. Kesho utakwenda na mimi."

Nililala hoteli ile ile ya Mama, kwenye chumba chenye marobota ya vitenge hadi dirishani, nanusa rangi mpya, nawaza.

Nilichokiona ni hiki. Yule mtangazaji na Mama Zuhura walifanya kosa moja, la kumsema mtu ukidhani hakusikii. Tofauti ni kwamba Mama alikuwa amekaa mezani kwa aliyemsema, akaulizwa, akakubali neno lake lifike. Yule wa kwenye TV nadhani hadi leo hajaulizwa.

Haya, mliowahi kushika neno la moto katikati ya watu wawili: mlilipoza au mlilifikisha lilivyo? Semeni. Ila Mama Zuhura msinitukanie.