Ukuta wa Mikeka wa Bibi Zuhura

Sisi tuliokua Bagamoyo kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao tunaukumbuka ukumbi wa Bibi Zuhura. Ulikuwa na ukuta mrefu wa chokaa uliojaa vigingi, na kila Ijumaa baada ya sala watu walipita kutazama mikeka iliyotundikwa. Si ya mafundi wenye sifa, la, hao walikuwa na wateja wao. Bibi alitundika ya wanawake wasiojulikana: wajane, wageni, wake wa wavuvi wa Mlingotini. Ukumbi ulinukia mkindu na kahawa ya tangawizi, nasi watoto tulipewa kashata ili tutulie.

Msusi hakujisifu mwenyewe, ndiyo ilikuwa desturi. Mwanawe alisimama chini ya mkeka, na Bibi akiuliza, "Huu kausuka nani?" mtoto alitaja jina la mama yake kwa sauti ya kusikika hadi njiani.

Mama yangu alikuwa Mkwere wa Fukayosi, hana ndugu mjini ila mimi. Alisuka mwezi mzima, miyaa, yale majani ya kusukia, ameichemsha kwa magome hadi ikawa nyekundu kama udongo. Siku mkeka ulipotundikwa, wenzangu walicheka: "Mkeka wa shamba huo!" Bibi akaniuliza. Nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikasema, "Sijui, Bibi."

Mama alikuwa mlangoni, kati ya wanawake. Alijitanda kaniki yake vizuri, akatoka. Nyumbani alinipakulia muhogo, akasema tu, "Kula, mwanangu, kinapoa." Afadhali angenichapa! Mgeni mmoja aliupenda ule mkeka, akaondoka nao bila jina. Mama hakupeleka mwingine, nami kila Ijumaa nilijiambia nitamwomba radhi Ijumaa ijayo. Ikaja ndui, ikamchukua. Vikaja vita, ukumbi ukabomoka.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Mimi sina mjukuu mwingine. Vijana wa siku hizi hununua mkeka dukani wakaukalia, aliyeusuka hawamuulizi. Wakiniona nainama kukagua mistari ya mikeka katika nyumba za watu, husema bibi huyu kaishiwa kazi. Ni kweli. Nyumba yangu ni kimya, na siku ni ndefu.

Jana nilipita palipokuwa na ukumbi. Nikasimama kwenye mawe, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi njiani: "Kausuka Tabu binti Mkomwa, mama yangu."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza.