Attar ya Ijumaa na Nyuki wa Msikitini

Wenzangu wa msikitini mnanicheka bado, najua, na ninyi wengine mlisikia nusu tu kutoka kwa watu waliokuwa wanakimbia, kwa hiyo acheni nieleze mwenyewe jinsi mzee wa umri wangu, mwenye ndevu za hina, aliyefundisha dini watoto wa Garissa miaka na miaka, alivyokutwa na waumini wa Ijumaa ndani ya hodhi la kutawadhia bila kanzu. Aibu niliiona, na Alhamdulillahi niko hai wa kuisimulia.

Nilikuwa na mzinga mmoja, mtupu, uliokaa shambani kwangu karibu na Tana miezi saba nikiusubiri ujae (kila nikiufungua nakuta mjusi). Ufugaji nilifundishwa na jirani yangu Mutua, afisa wa mifugo aliyetoka Kitui, ambako watu huwajua nyuki kama sisi tunavyowajua ngamia. Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, nikakuta bumba zima la nyuki limening'inia kwenye mwarobaini wa uani pale msikitini, kubwa kama kiriba cha maji. Nikampigia Mutua simu.

"Mzee, usiwaguse," akasema. "Jua likishuka watatulia, nitakuja tuwashushe pamoja. Wewe funga lango tu, watu wapitie mlango wa nyuma."

Hapo ndipo nilipoharibu. Hotuba ya mchana huo ilikuwa yangu, nilikuwa nimeiandika juu ya subira (subira, mnasikia?), na ndani yake nimewataja nyuki, basi nikajiona nikimaliza kusema, watu wanatoka, wanakuta mzinga umeshajaa, na Mutua anakuja jioni hana kazi. Nikauleta mzinga kwa tuktuk, nikavaa ovaroli na wavu wa uso juu ya kanzu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha oga josho la Ijumaa na kujipaka attar, manukato yetu ya mafuta, na sikutaka kuanza upya. Ni kweli Mutua alitukataza kuwaendea nyuki tukiwa na harufu yoyote mwilini, nimeiandika hiyo kwenye daftari kwa mkono wangu, ila mimi nilielewa sabuni na mafuta ya vijana. Attar ya Ijumaa haikunijia akilini kabisa, maana kwangu ile si urembo, ni ibada. Na nilikuwa nimejipaka ya kutosha, shingoni, viganjani na kwenye ndevu.

Saa sita kasoro nikapanda ngazi, nikalitikisa tawi. Nusu ya nyuki wakaangukia mzingani, nusu chini, kukawa kimya kidogo, halafu ile sauti yao ikapanda ikawa nyembamba, na wa kwanza akanichoma kwenye kope, maana ndevu zilikuwa zimezuia zipu ya wavu isifunge.

Nikiwa bado nashuka nikasikia magurudumu. Lango! Nililifungua tuktuk ipite, sikulirudisha. Akaingia Sahara, mjane anayetuletea maji kila Ijumaa, na punda wake amefungwa kwenye mkokoteni wenye mapipa manne. Watoto wake wanakula kwa mgongo wa punda huyo, hana mwingine. Nyuki wakamvaa punda puani. Akarusha mateke, mkokoteni ukakwama kwenye nguzo, na kamba zikamshika pale pale.

"Adeer!" Sahara akapiga kelele (ndivyo vijana wetu wanavyotuita sisi wazee, baba mdogo). "Punda yangu inakufa!"

Nikamkimbilia punda nifungue kamba. Kila hatua niliyopiga nyuki waliongezeka, fundo halishikiki, na punda analia kilio ambacho sijawahi kukisikia.

"Adeer, toka! Wewe ndiye unawaleta!"

Sikumwelewa. Aliyenielewesha ni Mutua, aliyekuwa anaingia na kopo lake la moshi kuhakikisha kwamba lango limefungwa (alinijua huyo). Alinisogelea, akanusa, akashika kichwa.

"Mzee, unanukia kama bwana harusi! Kimbia mbali na punda! Vua kila kitu!"

Basi nikamwacha mjane na punda wake nikakimbia, mbele ya waumini waliojaa langoni, nyuki nyuma yangu, navua wavu, navua ovaroli, navua kanzu, nikajitumbukiza hodhini mpaka utosini. Kila nilipotoa pua, ndevu zinanukia, nyuki wanashuka, narudi chini. Mara moja nilipoinuka nikaona Sahara amemfunika punda kichwa kwa shuka yake mwenyewe, Mutua anapuliza moshi na kukata kamba kwa kisu, na punda amepiga magoti. Nikasema, Ya Rabbi, niadhibu mimi, mnyama huyu hana kosa. Nilipoinuka tena alikuwa amesimama.

Nami nisingeweza kusimama, kwa sababu kikoi changu kilikuwa kinaelea upande wa pili wa hodhi. Moshi wa Mutua ulipowatuliza nyuki wakarudi kwenye tawi lao, watu wakatawadha kwa maji ya mapipa ya Sahara, na mwadhini akaichukua karatasi yangu akaisoma kwa kipaza sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, nami nikaisikiliza hotuba yangu ya subira nikiwa majini hadi kifuani.

Jioni Mutua alilitikisa tawi mara moja tu, nyuki wote wakaingia. Nilitazama kwa jicho lililobaki wazi. Kisha nikaenda kwa Sahara kuomba radhi, nikamkuta anampaka punda maji ya chumvi.

"Adeer, mimi nimekusamehe," akasema. "Punda muulize mwenyewe."

Tangu siku hiyo sigusi nyuki mpaka jua lishuke na Mutua awe kando yangu. Attar sijaiacha. Lakini kila Ijumaa punda yule hufika langoni, hunusa, husimama, na wala fimbo wala maneno matamu hayamsogezi hatua mpaka mimi niingie ndani na mlango ufungwe.