Picha ya Mheshimiwa na Kikombe cha Bati

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu Ifrah, kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa harufu ya deseli ndani ya maji ya kunywa. Nimeanzia hapo kwa sababu mama yako ameniambia umeajiriwa kumpiga picha mheshimiwa wetu mpya, na kwamba kesho unatoka naye kufuata malori ya maji. Hongera, hooyo, mwanangu. Keti. Chai ya maziwa ya ngamia iko kwenye chupa, jimiminie mwenyewe. Habo yako, dada ya mama yako, ana neno, na unajua nikiwa na neno sina ufupi.

Nyinyi vijana mnadhani kazi ya picha ilianza na simu zenu. Mimi nilikuwa mpiga picha hapa Garissa wakati filamu ilikuwa inasafishwa gizani kwa dawa inayochoma vidole. Baba yangu alikuwa na studio karibu na soko, na alinifundisha kwa sababu moja tu: harusi. Upande wa wanawake mwanamume haruhusiwi kuingiza hata pua, na kila bibi harusi anataka picha. Basi nikawa naingia mimi. Niliwapiga picha wanawake wa mji huu wakiwa na hina na dhahabu mpaka wakanizoea, wakasahau kamera. Siku gazeti moja la Nairobi lilipotafuta mtu wa kuwapelekea picha kutoka huku, waliuliza ni nani anayejua kazi, wakaambiwa ni yule msichana wa studio. Nilijivuna, na mpaka leo najivuna. Sioni kwa nini nisijivune.

Mwaka ule ukame ulikuwa umewasukuma wafugaji mpaka kando ya barabara ya Modogashe. Mifugo ilikuwa imekufa, waliobaki walikuwa wanatafuta maji ya watu tu. Mheshimiwa wa wakati huo alikuwa kijana, amechaguliwa juzi, mrefu kama mlingoti wa simu, na alikuwa ameishi Nairobi kiasi kwamba wazee walimtazama kwa jicho la pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa bado hajulikani, na mtu asiyejulikana hupewa sura na yeyote atakayewahi.

Nilifika kabla yake. Mwanamke mmoja mzee, Ayeeyo Shukri, yaani Bibi Shukri, alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa mbele ya aqal yake, kile kibanda cha mikeka. Aliniita, akafungua mtungi mwingine uliobaki na maji ya lori la wiki iliyotangulia, akanisogezea puani. Kichwa kikaniuma papo hapo. Wajukuu zake walikuwa wamelala ndani, wameshika matumbo. Tenki lililoleta maji yale lilikuwa limebeba mafuta kabla yake, na hakuna aliyejisumbua kuliosha.

Mheshimiwa akaja na lori lake, na pamoja naye msaidizi wake, Farah, mtu wa suti iliyobana na maneno mengi. Farah alianza kunipangia kazi kabla hajanisalimia. Alitaka watoto wasimame mbele, wanawake nyuma yao, mikono juu. Mtungi mmoja ukajazwa, mheshimiwa akamkabidhi mama mmoja, halafu Farah akaona tabasamu halikutosha, akaurudisha mtungi kwa mheshimiwa ili aukabidhi tena. Yule mama alinitazama kana kwamba anauliza kama watu wa mjini wote wako hivi. Nilipiga. Ndiyo kazi.

Watoto walikuwa wamekwisha kukimbilia bomba wakati Ayeeyo Shukri aliposimama. Dereva wa lori alikuwa mtu wa bara, kwa hiyo Ayeeyo alimwambia kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kila p ikigeuka b.

"Wewe dereva. Hii tenki ilibeba nini jana?"

"Maji, mama. Safi kabisa. Nimeosha mwenyewe."

"Habana. Ile ingine bia alisema safi. Toto yangu yote iko ndani, tumbo nauma." Akawaamuru watoto waweke mitungi chini, nao wakaweka. Kisha akachota kwa kikombe cha bati, akamgeukia mheshimiwa, akaingia katika Kisomali chake ambacho hakikuwa na kigugumizi. "Wewe ndiye umeyaleta. Kunywa wewe kwanza, sisi tukuangalie."

Farah akaruka mbele, akasema mheshimiwa ana safari, tumbo lake halijazoea, atakunywa dereva. Ayeeyo hakumtazama hata kidogo. Mkono wake ulibaki umenyooshwa, na kidole cha mkono wa pili kilikuwa kinamwonyesha mheshimiwa kifuani kama mama anayemuuliza mwanawe ndama amepotelea wapi.

Mheshimiwa alisita. Halafu akainama, maana alikuwa mrefu na Ayeeyo alikuwa mfupi, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Hapo nikapiga. Akanyanyua kichwa, akanywa yote, maji yakimtiririka kidevuni. Hapo nikapiga tena. Wakasubiri wote, hata mimi, mpaka alipofuta mdomo na kusema ni matamu. Ayeeyo akaitikia kwa kichwa, na wanawake wakachukua mitungi yao.

Nilipokuwa nafunga mkoba, Ayeeyo alinishika kiwiko. "Wewe binti wa picha. Umeona nilivyompa, au umeona alivyokunywa tu?"

"Nimeona vyote, Ayeeyo."

"Basi wewe ukirudi mjini ukisahau nusu, usinirudie hapa na hicho kidude chako."

Sikuelewa uzito wa maneno yake mpaka nilipokuwa studio, picha zimening'inia kwenye kamba zikikauka. Ile ya kunywa, mwanangu, sikuwahi kupiga picha nzuri kama hiyo. Jua lilikuwa limeshika kila tone. Mheshimiwa kichwa nyuma, macho amefumba, anakunywa kwa raha. Na nyuma yake, wazi kabisa, watoto wamesimama midomo wazi na mitungi mitupu miguuni mwao.

Nikaitazama, nikashika tama. Kila kitu ndani yake kilitokea. Sikuongeza hata tone. Lakini mtu asiyekuwapo angeona jambo moja tu: kiongozi anakata kiu mbele ya watoto wenye kiu.

Na wewe unajua watu wetu wanavyompa mtu jina la utani. Akichechemea ni jina, akiwa na meno makubwa ni jina, na akishapewa halitoki. Ataitwa hilo msikitini, sokoni, kwenye baraza la kupatanisha koo, na watoto wake wataitwa wana wa jina hilo hata baada ya yeye kuzikwa. Gazeti lilikuwa likifika hapa nakala chache, linapita mkono kwa mkono soko zima la mifugo, na wengi hawakuwa na haja ya maandishi. Walitazama picha. Nililisikia jina lile masikioni mwangu kabla hata sijatuma kitu: Harraad. Kiu. Mheshimiwa Kiu na wanawe, ukoo mzima wa Kiu, kwa sababu ya kidole changu kimoja. Niliogopa, nakwambia kweli. Jina la mtu lilikuwa linakauka pale kwenye kamba kama nguo.

Farah alikuja studio kabla dawa haijakauka. Akaipita ile ya kunywa bila kuiona ubaya, akasimama mbele ya ile ya kikombe.

"Hii ichome, abaayo, dada yangu. Mheshimiwa anaonekana kama mtoto anagombezwa."

"Alikuwa anagombezwa."

"Tuma ile anatoa mtungi. Anacheka vizuri."

"Mtungi aliutoa mara mbili, Farah. Ya kwanza ilikuwa msaada, ya pili ilikuwa mchezo wa kuigiza."

Akavimba, akaondoka. Nikaenda kumpigia simu mhariri kwenye duka la jirani, nikamweleza picha zote tatu, kwa kuwa sikutaka kumficha mtu niliyefanya naye kazi. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Ya kunywa," akasema. "Hiyo inaenda ukurasa wa kwanza. Jina lako litakuwa chini yake."

Ukurasa wa kwanza! Ifrah, nilikuwa sijawahi hata kukaribia ukurasa wa tatu. Nikamwambia kilichotangulia kunywa kule, deseli na kikombe. Akasema hayo tutayaandika chini ya picha. Nikamwambia huku kwetu watu hawasomi chini ya picha.

"Dada, wewe ni mpiga picha au ni wakili wake?"

"Ningekuwa wakili wake ningekutumia ile ya tabasamu. Nakutumia ya kikombe. Hiyo ndiyo iliyotokea, yote, mwanzo na mwisho."

"Na nikiikataa?"

"Basi tafuta msichana mwingine wa kukutumia picha kutoka huku."

Nikakata simu. Asubuhi nikampa kondakta wa basi bahasha yenye picha moja. Moja tu.

Kwa siku kadhaa nilijua nimemwaga unga wangu mwenyewe. Kisha gazeti likafika. Ukurasa wa kwanza, mwanangu. Ayeeyo Shukri mkono mbele na kidole juu, na mheshimiwa ameinama, mikono miwili kwenye kikombe, na watoto pembeni wanamtazama yeye, si maji. Nililipeleka sokoni mwenyewe kama mtu anayepeleka mtoto wake wa kwanza kuonwa.

Wazee walicheka kwanza. "Tazama anavyogombezwa!" Farah hakukosea hapo. Lakini mzee mmoja aliyekuwa anauza ng'ombe wake wa mwisho aliuliza anagombezwa kwa nini, na mwingine aliyetoka upande wa Modogashe akaeleza: maji ya kwanza yalikuwa na deseli, bibi amemwambia anywe mwenyewe kwanza, naye amekunywa. Kicheko kikabadilika. Yule mzee akapiga fimbo chini, akatamka neno moja, Dhadhamiye. Mwenye kuonja. Ilipofika adhuhuri soko zima lilikuwa linamwita hivyo.

Mheshimiwa alikuja studio mwenyewe, peke yake, uso umekunjwa. Akasema, "Umenifanya mdogo mbele ya nchi nzima."

Nikamwambia, "Kwa Ayeeyo Shukri wewe ni mdogo, walaal, ndugu yangu. Ungetaka niwaonyeshe watu uongo?"

Alisimama kitambo akiitazama ile ya kunywa, maana bado ilikuwa kwenye kamba. Hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa mwana wa hapa, aliliona jina lake la pili likining'inia pale. Akauliza kwa sauti ya chini kama hiyo pia nimeituma. Nikasema hapana. Akaketi kwenye kiti cha wateja, kile cha picha za kitambulisho, akaomba nimpe nakala ya ile ya kikombe. Ilikaa ukutani sebuleni mwake maisha yake yote. Nimeiona huko, nikanywa chai chini yake, nikajisikia kama malkia.

Na sikiliza kilichofuata, ndicho kinachonifanya nitembee kifua mbele hata leo na magoti haya. Toka gazeti lile, kila lori la maji lililofika kwenye makazi yale, wanawake waliweka mitungi chini. Awe chifu, awe mzungu wa shirika, awe afisa aliyetoka bara jana: kikombe kinachotwa, anapewa, anakunywa kwanza. Madereva wakaanza kuosha matenki kwa kuwa walijua nani atakunywa. Ayeeyo Shukri alianza, hiyo heshima ni yake. Lakini picha ndiyo iliyobeba neno lake mpaka mahali ambapo sauti yake isingefika.

Tulimzika Dhadhamiye mwaka jana. Hakuna aliyetumia jina lake la cheti. Na huyu mheshimiwa wako mpya, unayeanza kazi kwake kesho, nani asiyemjua? Ni Ina Dhadhamiye, mwana wa mwenye kuonja. Alizunguka na jina hilo kuomba kura. Baba yake alilipata kwa kikombe, yeye amelikuta mlangoni.

Nimeziona picha zake kwenye simu, kazi ya wenzako. Kamera inayoruka angani, maji yanamiminika polepole, yeye amevaa miwani, muziki chini. Nzuri. Mimi mwenyewe nazitazama mara mbili. Lakini katika zote sijaona mtu mwingine ana uso. Watu ni mikono tu.

Basi shika haya, mwanangu, wewe na wenzako. Ukimpiga picha kiongozi akitoa, mpige na anayepokea, na awe na uso na jina. Usipange wanyonge kama viti. Wasaidizi wakitaka urembo usio wa kweli, kataa. Mhariri, au hao watu wa mtandaoni, wakitaka aibu isiyo ya kweli, kataa pia, hata kama anayeaibishwa humpendi, hata kama picha ni tamu kuliko zote ulizopiga. Usibonyeze na kutuma kwa pumzi moja. Jiulize kwanza: mtu asiyekuwapo atamwitaje huyu? Maana jina hilo atalilea, na watoto wake watalirithi, na wewe ndiye utakuwa umempa.

Ile ya kunywa? Iko kwenye sanduku langu, chini ya shuka. Huwa naitoa naitazama, maana ni nzuri, sitakudanganya. Kisha nairudisha.

Nenda, hooyo. Allah akupe jicho lenye subira na mkono usiotetemeka mbele ya wakubwa. Akulinde njiani wewe na unaowapiga picha, na maji mnayoyapeleka yawe matamu. Kesho mheshimiwa akikwambia umpige picha akimimina, mwitikie kwa adabu, kisha umkabidhi kikombe. Mwambie habo yako amesema baba yake alianzia hapo. Amin.