Donbei Amesimama Kinamasini Miaka Ishirini

Meli ilikuwa imeshaiacha bandari ya Aomori, Japani, kuelekea Hakodate. Mimi nimeshavua viatu na kujinyoosha kwenye zulia la daraja la chini, mara mwanamke mmoja akasimama katikati yetu.

"Samahani jamani. Humu ndani kuna anayeweza kumwokoa mtu asife?"

Aisee, nilikaa kitako.

Jamaa mmoja mnene, dereva wa lori la vitunguu, jina lake Hyakutake, aliruka kama kaungua. "Nani? Yuko wapi? Kazimia?"

Yule mwanamke akatoa mkobani gemu ya mkononi, ile ya zamani inayokunjwa, rangi imebanduka pembeni.

"Yuko humu. Anaitwa Donbei."

Dereva akamtazama. Akaitazama gemu.

"Dada, moyo wangu huu si wa kuchezewa."

Lakini alipoona kaseti ya mchezo iliyokuwa ndani, Majeshi ya Ukungu, alikaa chini bila kukaribishwa.

Kama hujawahi kuicheza, nikwambie. Unaongoza kikosi hatua kwa hatua, unawaza kama uko kwenye bao. Askari unawapa majina mwenyewe. Na askari akifa, kafa. Harudi.

Mimi ni mtu wa njia. Majira ya joto naanika mwani Hokkaido, matufaha yakiiva nachuma Aomori, theluji ikianguka nalala penye koleo la kuizolea. Shule niliionja vipande vipande. Gemu hiyo ilikuwa inazunguka mabweni ya vibarua mkono kwa mkono, na nusu ya herufi ninazozijua nilizijulia humo.

Kwa hiyo nikasogea.

Mwanamke aliitwa Towako. Utotoni, yeye na mdogo wake Shungo walikuwa na kaseti moja. Jeshi nusu kwa nusu. Waliapa watamaliza vita vyote bila kupoteza hata askari mmoja.

Wakafika pambano la mwisho.

Asubuhi moja Shungo akawasha, akapiga kelele. Donbei, askari wake kipenzi wa mkuki, alikuwa kinamasini, maadui wamemziba njia, uhai umebaki tone.

"Wewe ndiye uliyecheza mwisho!" Shungo akasema.

Towako alikuwa amecheza usiku huku anasinzia. Akaamini.

Sasa, gemu ile kila ukisimamisha pambano katikati, unaruhusiwa kurudi pale mara moja tu. Ukishaingia, hakuna kuzima na kuwasha ili kufuta kosa. Wakaogopa. Wakasimamisha tena, wakamwacha Donbei amesimama pale.

Miaka ishirini.

"Mwanzoni ulikuwa utani," Towako akasema. "Kila mwaka mpya lazima aniulize, 'Dada, Donbei hajambo?' Halafu utani ukachacha. Siku moja akasema mbele ya wakwe zangu kwamba mimi sijui kutunza kitu cha mtu. Nikaondoka na kaseti. Hatujaongea tangu hapo."

"Na sasa?" nikauliza.

"Kesho anaoa, Hakodate. Amenipigia simu. Kasema neno moja tu: 'Njoo, ila usije bila Donbei.' Sijui ananitania au ananifukuza."

"Si ungemsubiri mkacheze pamoja?" dereva akasema.

"Fundi kaniambia kile kibetri cha ndani ya kaseti kinakata roho. Kikizima, jeshi lote limefutika. Naogopa hata kesho hakifiki."

 

Halafu mabishano yakaanza, na mabishano ya wacheza gemu unayajua.

"Gemu tamu sana hii," Hyakutake akasema, "ila waliiharibu kwa mambo ya vifo. Mimi askari wangu akifa nazima, naanza upya."

"Mwoga."

Sauti ilitoka chini ya taulo. Bibi mmoja wa shambani, kitambaa kichwani, tuliyedhani kalala zamani.

"Mimi sizimi," akasema, akijiinua. "Nimezika nusu ya jeshi na nimeshinda."

"Bibi, na wewe unacheza?"

"Mjukuu kaiacha nyumbani kaenda Tokyo. Ulitaka nicheze na paka?"

Huyo ndiye Bibi Kinu. Tangu hapo dereva hakupumua.

Mimi nikatoa langu. Nikasema askari bora wa gemu nzima ni mpiga ngoma.

Walinicheka mpaka watu wa upande wa pili wakageuka.

"Mzee, mpiga ngoma si anakula bure tu!" dereva akasema. "Upepo ukivuma anaanguka!"

"Hapigani," nikasema. "Lakini akimpigia mtu ngoma, mtu huyo anapata zamu ya pili."

"Zamu ya pili ya kukimbia," Bibi Kinu akadakia.

Sikubishana. Nimefanya kazi na wapiga ngoma wengi maishani.

Towako akawasha.

Donbei yule pale. Nyuma na kando kinamasi, mbele mpanda joka kaziba njia pekee ya kutokea. Mpiga mishale wa Towako yuko kilimani. Karibu naye mpiga ngoma, waliyempa jina la mbwa wao, Goro. Tangu kuzaliwa hajapigana hata pambano moja.

"Kwanza mpe Donbei dawa," Bibi Kinu akaamuru. "Fungua mkoba wake."

Towako akafungua. Dawa hakuna. Mkobani mlikuwa na pete ya dhahabu.

"Khaa!" dereva akasema. "Hiyo pete si inatoka kwenye lile sanduku la kinamasini? Ukilifungua tu, maadui wote wanaamka! Mjinga gani kafuata sanduku na uhai mdogo hivi?"

 Towako aliitazama ile pete muda mrefu. Halafu akauma mdomo, mabega yanamtikisika. Nikadhani analia.

"Endelea, mama," nikamwambia.

Mpiga mishale akavuta upinde.

Akakosa.

Wee! Dereva alijishika kichwa. Bibi Kinu akasema maneno ambayo bibi hasemi.

"Sasa ngoma," nikasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Goro akapiga ngoma yake. Mpiga mishale akapata zamu ya pili, akavuta. Joka likaanguka, njia ikafunguka, Donbei akatoka kinamasini akapanda kilima.

Zulia zima lilishangilia, hadi watu wasiojua linaloshangiliwa. Hyakutake alinikumbatia. Alinuka vitunguu.

Towako akasimamisha pambano pale pale, akakunja gemu.

Bandarini Hakodate kipaza sauti kilikuwa kinamwita mwenye lori la vitunguu aliondoe. Mwenyewe kasimama nasi, hasikii.

Shungo alikuwa anasubiri, taulo shingoni, mikono hajui aiweke wapi.

"Dada. Umekuja."

"Nimekuja na Donbei. Mzima."

Akaipokea gemu kwa mikono miwili, akaifungua, akamwona. Akaanza kutabasamu.

"Fungua mkoba wake," Towako akasema.

Shungo akafungua. Tabasamu likakwama. Masikio yakawa mekundu.

"Mimi sijawahi kufungua sanduku maishani mwangu, Shungo. Wewe ndiye uliyekuwa hupitwi na sanduku."

"Ulikuwa umelala," akasema chini chini. "Nikaichukua kidogo tu. Nilitaka kukuambia, dada. Kila mwaka mpya nilitaka kukuambia, nikaishia kukuuliza hajambo."

"Miaka ishirini!"

"Ndiyo maana nilisema uje naye. Ningekwambia leo."

Towako akamchapa kichwani kwa boksi la peremende alilomletea. Akamchapa tena. Halafu wote wawili wakachuchumaa pale pale gatini wakicheka hadi machozi.

Ndugu yangu unayesoma: ukiambiwa kosa ni lako, usiinamishe kichwa upesi. Fungua mkoba kwanza.

Shungo alioa kesho yake. Ndugu hao walimaliza pambano la mwisho asubuhi ya harusi, bibi harusi akisubiri. Kibetri kilikata roho kabla ya theluji, jeshi lote likafutika. Hyakutake bado anazima mashine askari wake akifa. Bibi Kinu anaendelea kuzika wake. Mimi naanika mwani. Mpiga ngoma bado wanamdharau.