Seneti ya Jikoni

Mwaka niliosoma serikali ya Marekani katika masomo ya jioni, kichwa changu kilijaa Kongresi mpaka nikawa naogopa kupiga chafya, nisije nikamwaga maseneta ndani ya basi. Nilikuwa nikitoka zamu ya kutunza wazee kule Stanmore, naingia darasani na yunifomu. Wenzangu wakiuliza, Mkenya wa London na Marekani wapi na wapi, nawajibu kwamba katiba ya Waingereza haijaandikwa mahali pamoja, na mimi napenda kitu cha kushika.

Kisha kaka yangu akafa.

Tulikutana nyumbani kwake Kingsbury kama ilivyo desturi yetu: wanaume sebuleni, wanawake jikoni na sufuria ya chai ya kuogesha ndovu. Baba mdogo alitaka mwili urudishwe Kenya, ukalale kando ya babu. Mjane, shemeji yangu, alitaka mumewe azikwe hapa, watoto waweze kwenda kumwona. Mimi nilitaka arudi. Nilitaka sana.

Shemeji akaitwa kuambiwa uamuzi. Alisimama mlangoni, leso mabegani.

"Sikubali."

"Mama, wengi tumeshaamua," baba mdogo akasema.

Mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema kule Marekani rais akikataa mswada, ni theluthi mbili tu za kura zinazoweza kumshinda.

"Hapa tuko zaidi ya hizo," baba mdogo akasema. "Asante, profesa! Kumbe hukwenda kusinzia huko."

Ningeweza kunyamaza. Nilichokitaka nilikuwa nimeshakipata. Lakini jambo hilo nilikuwa nimeliandikia insha, na shemeji alikuwa bado amesimama pale.

"Theluthi mbili za kila bunge, baba. Yako mawili."

"La pili liko wapi?"

Nikaelekeza kidole jikoni.

Sebule nzima ikacheka, nadhani hata Tooting, upande wa pili wa London, walisikia. Shangazi, dada yake mkubwa baba mdogo, akatoka na mwiko. Nikamweleza.

"Vikao vyote hivi tunawapikia," akasema, "na hamjawahi kutuuliza kitu ila sukari iko wapi."

Akamshika shemeji mkono, wakaingia jikoni, mlango ukafungwa. Hakuna aliyecheka tena. Chai ikapoa vikombeni.

Shangazi alipotoka, macho yalikuwa mekundu. "Jikoni tumekataa. Mwacheni karibu na watoto wake." Halafu akaketi sakafuni akalia kwa sauti, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshamchagulia kaka mahali pa kaburi, kule shambani kwake Kenya.

Tulimzika hapa, kwenye manyunyu. Baba mdogo alitupa udongo wa kwanza, akaondoka bila kunisemesha.

Jumapili mimi huwapeleka watoto kaburini. Nawauliza kwa Kiswahili kama wamemsalimia baba, wananijibu kwa Kiingereza kwamba tayari. Kisha wanatangulia getini, nami nabaki kidogo, namwambia kaka kwamba kura yangu ilikuwa arudi nyumbani.